Kiti cha Mbele Upande wa Kushoto

Donatus alikuwa chini ya jukwaa, ndani ya shimo, shingo imepinda na macho yakiwa wazi, na juu yake watu walikuwa bado wanapiga makofi.

Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Ndivyo alivyoambiwa Inspekta Evelina Maganga alipofika chuoni Jumamosi ile alasiri. Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na jumba lake la maigizo lilikuwa jipya, rangi bado inanuka. Siku hiyo ndiyo lilikuwa linafunguliwa. Mapambo yalikuwa yananing'inia, soda hazijafunguliwa, na mgeni rasmi alishaondoka mbio kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

"Nani ameshuka humu shimoni tangu aanguke?" Evelina aliuliza.

"Mimi, afande." Mwanaume wa miaka kama thelathini na tano alisogea, mguu mmoja akiuburuta. "Ansgar. Fundi wa jukwaa na taa. Nilikuwa kule juu kwenye taa, watu wote waliniona. Nilikimbia kumwinua, nikakuta amekwisha."

"Hukugusa kitu kingine?"

"Yeye tu. Shati na mabega."

Evelina aliwasha tochi akapita mlango mdogo wa nyuma, akashuka ngazi. Shimo lilikuwa na kina cha watu wawili, kuta zake zimeshikiliwa kwa magogo kama duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, kule Geita. Chini palikuwa na sakafu tupu ya saruji. Juu, mfuniko wa mbao ulikuwa umefunguka ukining'inia kwenye bawaba, komeo lake la chuma limevutwa. Pembeni ya marehemu kulikuwa na kijiti kilichovunjika katikati, kimefungwa kipande cha mpira wa tyubu. Evelina alikitazama, akadhani ni takataka za mafundi. Lakini alikiweka kwenye mfuko wa vielelezo, maana alikuwa na tabia ya kuokota.

Alipopanda alimkuta Mwalimu Kudra, mwanamke mwembamba wa ushungi mweusi, ndiye aliyetunga mchezo na kuufundisha.

"Mwalimu, nieleze hili jukwaa. Mbona limekaa hivi?"

"Limetokeza mbele kama ulimi, afande. Watazamaji wanakaa pande tatu: kushoto, mbele na kulia. Kwenye bwalo la zamani watu walikuwa mbali, gizani, mwigizaji haoni hata uso mmoja. Mimi nilitaka iwe kama uwanja wa ngoma, watu wamekuzunguka, unasikia hata wanavyopumua. Kiti cha mbele unaweza kukigusa kwa mkono."

"Na shimo?"

"La mwisho wa mchezo. Nyamizi anacheza mjane wa mchimbaji. Anashuka shimoni kumtafuta mumewe. Lakini Donatus hakutakiwa kukanyaga pale kabisa! Nafasi yake ni huku kushoto, ukingoni. Tumefanya mazoezi mwezi mzima."

"Chini hapakuwa na kitu cha kupokea mtu?"

"Magodoro mawili. Yako wapi?"

Magodoro yalipatikana chumba cha kubadilishia nguo. Juu ya moja alikuwa amelala mtoto mchanga, amefunikwa kanga. Mtoto wa Nyamizi.

Na Nyamizi mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni, ngumi ameikunja. Koplo Davis alipomwambia aifungue, ndani mlikuwa na kipande cha shati la marehemu.

* * *

Jumapili Evelina aliwahoji watazamaji. Kufikia saa sita kichwa kilikuwa kinamzunguka.

Waliokaa kulia walisema, "Yule binti kamsukuma. Tumeona mikono yake ikienda kwa nguvu."

Waliokaa mbele walisema, "Kumsukuma? Hapana! Kamvuta. Kamshika shati kwa nyuma, kamvutia shimoni."

Waliokaa kushoto walisema hakuguswa na mtu. "Karuka mwenyewe kinyumenyume, kama aliyekanyaga nyoka."

"Nyoka alikuwa wapi?"

"Hakukuwa na nyoka, afande. Ni mfano."

Mama mmoja muuza dagaa, aliyekaa safu ya pili kushoto, alivuruga mambo zaidi. "Mbele yangu alikaa mama mtu mzima wa kitenge cha kijani. Huyo alijifunika uso kabisa."

"Baada ya mtu kuanguka?"

"Kabla."

"Una hakika ni kabla?"

"We afande, niko nyuma yake nachungulia, kajifunika halafu kainama! Nikasema sasa huyu kaja kuangalia nini? Ndiyo yule kaka akaruka."

"Huyo mama ni nani?"

"Simjui. Aliondoka wakati tunapiga kelele."

Evelina aliandika, akapiga mstari chini yake, halafu akaweka alama ya kuuliza. Alikuwa na watu mia na zaidi walioangalia kitu kimoja mchana kweupe, na hakuna aliyeona kilekile. Akawaza, heri angekuwa shahidi mmoja tu, kipofu.

Jioni alimleta Nyamizi kwenye chumba cha mahojiano. Binti alikuwa na miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Tinde. Maziwa yalikuwa yamelowanisha gauni lake.

"Asubuhi ya Jumamosi uligombana na Donatus?"

"Ndiyo. Alisema nanuka maziwa, atachekaje na kulia na mtu anayenuka maziwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, atakayecheka mwisho tutamwona." Alishika kichwa. "Afande, ni maneno ya hasira tu! Kila siku tunataniana hivyo."

"Uliingia shimoni kabla ya mchezo?"

"Niliweka vazi langu la mwisho. Kulikuwa giza. Sikugusa komeo."

"Na magodoro?"

"Ansgar ndiye alinipa. Alisema, chukua mlaze mtoto, atapata baridi sakafuni. Nikajua ameweka mengine chini."

"Ansgar anasema uliyachukua mwenyewe."

Nyamizi alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. "Ansgar kasema hivyo?"

"Na shati?"

"Nilimwona anarudi nyuma bila kutazama. Haikuwa kwenye mchezo. Nikanyoosha mikono nimzuie, nikalishika shati, likachanika. Ndivyo ilivyokuwa. Mnataka niseme nini?"

Evelina hakujua anataka aseme nini. Mkuu wa upelelezi, yeye, alijua.

"Inspekta, una ugomvi, una kipande cha shati, una aliyeshuka shimoni, una magodoro chini ya mwanawe. Unangoja malaika aje atoe maelezo? Kesho mchana huyo binti aende mahakamani kwa kosa la mauaji."

"Afande, naomba nimalizie uchunguzi wa mwili kwanza."

"Mpaka kesho mchana."

Jumatatu asubuhi mama yake Nyamizi alikuja kituoni na mtoto, kama alivyoruhusiwa, anyonye. Mtoto alilia kabla hata hajafika mlangoni. Kesi ya mauaji haina dhamana, na kila mtu pale kaunta alilijua hilo, hata waliojifanya wanasoma kitabu cha matukio. Bibi alimsalimia Evelina kwa kupiga goti.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Inuka, mama, usinipigie goti."

"Nisipige goti nifanye nini? Huyu ana miezi minne. Mimi sina maziwa."

* * *

Kolandoto, hospitalini, daktari alikuwa ameshamaliza kuuchunguza mwili. Shingo imevunjika, alisema. Kifuani hakuna mchubuko, mgongoni hakuna, mikononi hakuna. Kama alisukumwa, alisukumwa kwa upole mno.

"Lakini alianguka vipi, daktari?"

"Kwa kisigino. Alitangulia kwa nyuma. Kama mtu anayerudi nyuma haraka, mguu ukakanyaga hewa tupu. Kwa nini alirudi, hilo mwili hausemi."

Evelina alitoka nje akiwa amechanganyikiwa zaidi ya alivyoingia. Koplo Davis, kijana mrefu wa Kisukuma mwenye maneno mengi, alikuwa anamfuata nyuma akisimulia habari za mpira. Walipokaribia lango, ndugu wa wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi na vyombo vya uji.

Ghafla maneno ya Davis yakakatika. Evelina aligeuka. Koplo alikuwa anarudi kinyumenyume, kofia ameivuta usoni, haraka, bila kutazama nyuma. Mguu ukaingia mtaro wa maji. Mtu mzima, na bunduki begani, chali!

Watu walicheka. Evelina alikimbia kumwinua.

"Davis! Una nini? Nani kakutisha?"

"Twende kwa nyuma, afande. Tafadhali. Tupite geti jingine."

"Nimekuuliza kuna nini."

Davis alinong'ona bila kuinua uso. "Mkwe wangu. Mama wa mke wangu. Yuko pale kwenye benchi. Sikujua kama amekuja kumwona mgonjwa. Ningemkanyaga, afande, ningekutana naye uso kwa uso!"

Evelina alitazama benchi. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameshajifunika kanga mpaka puani na kugeukia ukuta.

Kila mtu wa huku anajua jambo hilo. Mkwe na mkwe hawatazamani. Mwanaume akimwona mama mkwe njiani, anaacha njia. Evelina mwenyewe alikulia Ushirombo, amewaona wajomba zake wakiingia kwenye mashamba ya mihogo kumpisha mama mtu mzima mwenye kikapu. Amelijua tangu utotoni, kiasi kwamba hakuwahi kulifikiria.

"Davis," alisema taratibu, "ulipomwona, ulifikiri nini?"

"Kufikiri? Afande, miguu ndiyo ilifikiri."

"Na yeye alijifunika kabla hujaanguka au baada?"

"Kabla. Aliniona kwanza."

Evelina aliutazama mtaro, kisha akasema, "Washa gari. Twende Ngokolo, msibani kwa Donatus."

* * *

Nyumba ya Donatus ilikuwa imejaa watu. Violeth, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka, sauti imekwisha. Alikuwa kwenye kundi la waimbaji siku ile, nyuma kabisa, hakuona kitu.

"Pole, dada. Mama yako mzazi yuko wapi?"

"Yuko jikoni kwa nyuma. Amekataa kukaa na watu. Tangu juzi hasemi wala hali."

Mama Monika alikuwa ameketi karibu na mafiga yaliyozimika. Kitenge chake kilikuwa cha kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Evelina aliitambua lafudhi ya nyumbani, akakaa chini, kwenye majivu, akamwongelesha Kisumbwa cha kwao Ushirombo. Yule mama akainua uso, machozi yakaanza kushuka.

"Mama, ulikuja kwenye mchezo ukijua mkweo anacheza?"

"Mimi? Ningewezaje? Nikae kiti cha mbele kumkodolea macho mkwe wangu kama sina adabu!" Alijipiga kifuani. "Niliambiwa amesafiri. Kaenda Geita, nafasi yake kapewa mwingine. Nikaambiwa njoo umwone Violeth anavyoimba. Nikafurahi, maana sijawahi kumsikia mwanangu akiimba kwenye ukumbi."

"Nani alikuambia?"

"Kijana wa kwetu. Alinifuata stendi, akanipeleka, akanionyesha kiti. Mbele, upande wa kushoto. Nikasema nikae nyuma mwanangu, akasema hapana mama, hapa utaona vizuri."

"Kijana gani?"

"Jina silijui. Alinisalimia kwa lugha yetu kama wewe. Anaburuta mguu."

Nje wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani.

"Mwigizaji akaongea maneno yake pale jukwaani," Mama Monika aliendelea, "mimi nasikiliza tu. Halafu akaja ukingoni, akainama, na mimi nikainua macho. Ni yeye! Mkwe wangu, hapa, kama wewe ulivyo hapo! Nikajifunika. Nikasikia kishindo." Alimshika Evelina mkono. "Niambie ukweli, mwanangu. Nimemuua mimi?"

Evelina aliushika mkono ule kwa mikono miwili, kisha akamwita Davis awashe gari.

* * *

Ansgar alikuwa peke yake ndani ya jumba, amepiga magoti jukwaani, anagongomea mbao juu ya mfuniko. Mwanga wa mchana ulikuwa unaingia madirishani. Alipowaona aliweka nyundo chini.

"Nani kakuruhusu kuziba eneo la tukio?"

"Hakuna, afande. Nimechoka kuliona."

Evelina alikwenda kukaa kwenye kiti cha mbele, upande wa kushoto. Goti lake liligusa ubao wa jukwaa. Davis alisimama mlangoni.

"Sogea hapa ukingoni, Ansgar. Aliposimama Donatus."

Ansgar hakusogea.

"Sitakulazimisha. Hulazimiki kusema lolote, na ukisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hapa nilipokaa ulimkalisha nani?"

Ansgar aliitazama nyundo.

"Mama Monika amekutambua kwa mguu na kwa lugha. Na hiki." Alitoa mfuko wenye kijiti kilichovunjika. "Ulivuta komeo, ukaegemeza mfuniko kwa kijiti. Kinabeba ubao, hakibebi mtu. Halafu ukapanda kwenye taa ili watu wote wakuone. Nyamizi angekanyaga yeye kwanza, je?"

"Asingekanyaga!" Ansgar alisema kwa nguvu. "Nafasi zao nazijua zote. Nyamizi anasimama kulia mpaka mwisho. Hapiti katikati."

Hapo akajua amesema nini. Akakaa palepale juu ya mbao.

"Nyamizi anakwenda mahakamani leo," Evelina alisema. "Mtoto wake ana miezi minne. Ulimpa godoro kwa mkono wako."

"Nilitaka yaonekane yameondolewa kwa ajili ya mtoto. Ionekane ni ajali tu. Sikutaka wamkamate yeye. Alivyomshika shati... Afande, yeye alikuwa anamwokoa, niliona kutoka juu. Mimi peke yangu niliona vizuri."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Davis alianza kuandika.

"Donatus alikukosea nini?"

Ansgar alifikicha uso. "Tulikuwa machimboni pamoja, upande wa Geita. Mimi nilikuwa fundi wa magogo ya kushikilia kuta, mdogo wangu Benedict na Donatus ndio wanashuka. Siku moja udongo ukaporomoka. Mguu wangu ukabanwa pale mdomoni mwa shimo. Kamba ikavutwa, akatoka Donatus peke yake. Nikamuuliza, Benedict? Akasema amekufa, nimemwona kwa macho yangu, msijisumbue. Wenzetu wakaacha kuchimba. Mimi napelekwa hospitali napiga kelele, chimbeni, chimbeni. Nani anamsikiliza aliyevunjika?"

"Halafu?"

"Walipofukua baadaye walimkuta amekaa. Hakuwa amepondwa. Kucha zake zimekwisha zote, afande. Alikuwa anachimba kuja kwetu."

Davis aliacha kuandika.

"Nikaja hapa Shinyanga kutafuta kazi ya ufundi. Nikamkuta Donatus mwanafunzi, kaoa, kanenepa. Kumbe kamsimulia Mwalimu Kudra kwamba alimshika mkono rafiki yake mpaka akakata roho, na mwalimu kwa huruma yake akatunga mchezo. Kila siku ya mazoezi niko hapo chini nakaza magogo, namsikia juu yangu akilia, 'Nilimshika mkono, sikumwacha.' Na watu wanapiga makofi. Kila siku! Nikamwita pembeni. Nikamwambia, unajua ilivyokuwa. Akanipiga bega. Akasema, kaka, ule ni mchezo tu."

"Kwa nini umtumie mkwe wake?"

"Kwenye mchezo alidanganya mbele ya watu wote bila aibu. Nikajiuliza, huyu mtu kuna kitu gani duniani anakionea aibu? Nikakumbuka nilivyosimuliwa kwamba kijijini, harusini kwake, alikuwa anajificha nyuma ya zizi mama mkwe akipita. Nilitaka ashuke shimoni. Akae gizani asikie watu juu wakitembea."

"Akae tu? Magodoro uliyatoa."

Ansgar alitazama mikono yake.

"Niliyatoa," alisema.

Evelina alisimama. Alikuwa na swali jingine, halikuwa la jalada. "Violeth ameniambia kule msibani kwamba mumewe alikuwa anaamka usiku analia, anamwita Benedict. Tangu walipooana. Hilo nalo lilikuwa mchezo?"

Ansgar aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana kama uso wa watu wote aliowahoji Jumapili: mtu aliyekaa upande wake na kuona alichoona.

"Alikuwa anamwita?"

"Ndiyo."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Davis alimfunga pingu. Ansgar aliendelea kumtazama Evelina, kama anayengoja amalizie.

* * *

Nyamizi aliachiwa jioni hiyo. Hakushukuru wala hakulalamika. Alimchukua mtoto kwa mama yake, akakaa palepale kwenye ngazi za kituo, akamnyonyesha mbele ya askari wote.

Kesho yake jeneza lilifikishwa Ngokolo, watu wakapanga mstari kuaga. Evelina alikwenda bila sare. Alimkuta Mama Monika bado yuko jikoni.

"Hukumuua wewe, mama," alimwambia. "Aliyemuua amesema mwenyewe."

Mama Monika alinyanyuka taratibu, kitenge kimefunika uso, akapita katikati ya watu mpaka sebuleni. Waliokuwa kwenye mstari walitazamana. Mzee mmoja akanyoosha mkono kumzuia, maana mkwe haagi hivyo. Yeye akasimama mbele ya jeneza, akakishusha kitenge mpaka mabegani, akamtazama Donatus usoni, muda mrefu, kama anayejifunza sura ya mtu mgeni.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema. "Basi kaa, mwanangu. Usirudi tena nyuma."